Mafuta si maji: kwa nini nywele za kipilipili hukauka hata zikipakwa kila siku

Nilihamia Dodoma kikazi mwezi wa Juni, nikitokea Tanga. Asubuhi ya pili nikafungua chupa ya mafuta ya nazi niliyojaziwa na mama, nikakuta yameganda, meupe kama mshumaa. Tanga sikuwahi kuyaona hivyo. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na asubuhi za Dodoma wakati wa kipupwe hushuka chini ya hapo bila shida. Nikayachokoa kwa kijiko, nikayayeyusha viganjani, nikajipaka kama nilivyofundishwa tangu mdogo: mengi, kila siku, kuanzia kwenye ngozi ya kichwa.

Wiki tatu baadaye nywele zilikuwa zinakatika kwa sauti. Nikipitisha chanuo nasikia ule mlio mdogo wa nyasi za kiangazi, na kwenye sakafu ya bafu vinabaki vipande vifupi visivyo na kile kishina cheupe cha unywele uliong'oka. Yaani hazikuwa zinang'oka, zilikuwa zinavunjika. Nikaongeza mafuta, zikazidi. Mwisho nikaenda kwa msusi wa mtaani kwetu, mama wa makamo anayesukia barazani kwake. Akavuta fungu moja la kisogoni, akalisugua kwa vidole viwili, akasema: "Dada, mafuta yamejaa. Maji ndiyo hayajafika humu siku nyingi."

Naandika kwa sababu ya maneno hayo. Nimeona dada zangu wengi wakirudi kwenye dawa ya kunyoosha, si kwa kuipenda, bali kwa kuchoka. Wamepaka kila kitu, kichwa bado kikavu, wakaamini kwamba nywele zetu ni ngumu kwa kuumbwa. Si kweli, na inaniuma kila nikiisikia. Nywele za kipilipili zina mahitaji yanayoeleweka kabisa, ukishajua zimejengwaje na maji huingia na kutoka humo kwa njia gani.

Unywele ulioezekwa

Ukiutazama unywele mmoja kwa hadubini utaona umeezekwa. Nje kuna magamba membamba yaliyolaliana kama makuti juu ya paa, safu juu ya safu, yote yakielekea upande wa ncha. Chini ya paa hilo ndipo penye mwili wa unywele, nyuzi za protini iitwayo keratini zilizoshikana pamoja. Juu kabisa ya magamba pana utando mwembamba wa mafuta ambao si wa kupaka. Unywele huota nao, umeshikamana na gamba lenyewe, na ndio unaoufanya unywele mzima uteleze mkononi. Dawa ya kunyoosha na dawa ya kupausha nywele huubandua utando huo, na ukishatoka umetoka, mpaka unywele mpya uote.

Maji hukaa kwenye mwili wa keratini. Unywele ukishatoka nje ya ngozi hauna damu wala mshipa wa kuunywesha, kwa hiyo hutegemea hewa inayouzunguka. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 70, hali ya kawaida kule pwani, unywele hubeba maji ya kama asilimia 13 ya uzito wake. Unyevu wa hewa ukishuka hadi asilimia 40, maji hayo hupungua hadi 7 au 8. Ukiulowesha chapachapa hufika 30. Mafuta hayaifuti hesabu hiyo. Yanaweza kuichelewesha tu. Nywele zangu zilizoea hewa ya Tanga, ambako shuka lililofuliwa jioni huamka bado bichi. Zikapelekwa mahali ambapo shuka hilohilo hukauka kabla hujamaliza kuanika beseni zima. Chupa ya mafuta ilikuwa ileile, mkono uleule, lakini hewa haikuwa ileile.

Hadi hapo nimesema habari za nywele zote, za Mhindi, za Mzungu na zetu. Keratini ni moja. Wanaopima viungo vyake hawaoni tofauti ya maana. Wala si kweli kwamba unywele wa Mwafrika hauna mafuta ndani yake. Vipimo vimeonyesha kinyume: mafuta ya ndani ni mengi kuliko kwenye nywele za wengine. Tofauti kubwa iko kwenye umbo. Tundu linalootesha unywele wetu limepinda chini ya ngozi, na unywele wenyewe ni bapa kidogo. Ukiukata na kuutazama kwenye mkato unafanana na yai, si duara. Hutoka ukijizungusha kama springi ya kalamu, na springi hizo zikikusanyika hufanya vile vijipira vidogo vilivyotupa jina la kipilipili.

Sasa fikiria mafuta ya asili yanayotolewa na ngozi ya kichwa. Kwenye unywele ulionyooka hushuka moja kwa moja, na kila ukichana unayasogeza hadi nchani. Kwenye unywele wetu inabidi yazunguke kila pindo, na hayafiki mbali. Mzizi unang'aa, ncha haijawahi kuyaonja. Na ncha hiyo ndiyo kongwe: kwa mtu mwenye nywele za urefu wa kiganja, ncha ina umri wa mwaka na zaidi, imepita kwenye sabuni, jua, chanuo na vitambaa mara zisizohesabika.

Tena kila pindo ni mahali ambapo unywele huchoka ukivutwa. Mwaka 2000 daktari wa ngozi Nonhlanhla Khumalo wa Afrika Kusini na wenzake walichapisha utafiti wao wa kutazama kwa hadubini nywele za Waafrika zisizowekwa dawa. Walikuta nywele zilizojifunga mafundo na ncha zilizovunjika kwa wingi kuliko kwenye nywele za Wazungu na Waasia. Ni kweli, unywele mmoja unaweza kujifunga fundo wenyewe, dogo kama chembe ya mchanga. Ukipitisha vidole utalisikia. Ukiuchana mkavu, fundo halifunguki. Linakatika.

Kuna hesabu nyingine hapa ambayo ingewapunguzia wengi huzuni. Nywele zetu huota kwa wastani wa robo milimita kwa siku, wakati za Wazungu hukaribia milimita 0.4. Kwa mwezi zetu ni milimita 7 au 8. Basi mtu anayevunja milimita 7 au 8 nchani kila mwezi ataamini kwa miaka mingi kwamba nywele zake hazioti, atanunua mafuta ya kuotesha, na kumbe zinaota kila siku iendayo kwa Mungu. Shida iko upande wa pili.

Mafuta yana kazi, ila si hiyo tunayoyapa

Chukua fungu lililopakwa mafuta kila siku kwa wiki mbili bila kuoshwa, ulidondoshee tone moja la maji. Litakaa juu, la mviringo, kama tone kwenye jani la gimbi. Ukitikisa, linaanguka. Mimi nilifanya hivyo mbele ya kioo baada ya kutoka kwa yule msusi, nikaelewa kwa nini kila nilipojipulizia maji yaliishia shingoni.

Mafuta hayana maji ndani yake. Haya ni mambo ya jikoni, kila mpishi anayajua. Kwa hiyo hayawezi kulowanisha kitu. Yanalainisha mguso na kupunguza kasi ya maji kutoka. Yakipakwa juu ya unywele wenye maji, yanafunga maji ndani. Yakipakwa juu ya unywele mkavu, yanafunga ukavu ndani. Unywele utang'aa, mkono utateleza, na ndani utabaki vilevile, tena sasa umewekewa kizuizi.

Wala mafuta yote si sawa. Mafuta ya nazi yana jambo lake la pekee. Karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, ambayo molekuli yake ni fupi na imenyooka, kwa hiyo hupenya chini ya magamba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 na Rele na Mohile, watafiti wa India, ulilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na mafuta ya madini yatokanayo na petroli. Ya nazi peke yake yalipunguza kwa kiasi cha kueleweka upotevu wa protini kwenye nywele, yakipakwa kabla ya kuosha au baada yake. Maana yake kwetu: mahali pazuri pa mafuta ya nazi ni usiku wa kuamkia siku ya kuosha. Yakiwa ndani, unywele haufuri sana ukilowa, na ule mchezo wa kufura na kusinyaa, kufura na kusinyaa, ndio unaolegeza makuti. Bibi zetu waliochemsha tui hadi mafuta yakaelea na mashapo yakabaki chini walikuwa na kitu cha thamani mkononi, hata kabla maabara haijasema.

Mafuta ya nyonyo ni mazito, hukaa nje. Yanafaa kushika maji nchani, kwa kiasi kidogo, lakini ile sifa ya kuotesha nywele haijapata ushahidi wa kuaminika. Mafuta ya mgando ndiyo yanayofunga kuliko yote. Si sumu kama wengine wanavyotisha watu, ila ukiyapaka kila siku bila kuosha vizuri yanajenga ukuta. Mafuta ya shea yanayotoka kaskazini mwa Uganda ni laini kuliko yale ya Afrika Magharibi, kwa kuwa yana asidi ya oleiki kwa wingi, na mimi nayapenda kwa ncha wakati wa kiangazi.

Ukiangalia jamii zilizoishi na nywele hizi kwenye nchi kame utaona zilijua kufunika. Morani wa Kimasai husuka nywele ndefu na kuzipaka mafuta yaliyochanganywa na udongo mwekundu. Wanawake wa Kihimba wa Namibia hutumia otjize, siagi na udongo mwekundu. Wanawake wa Basara nchini Chad huchanganya unga wa mimea uitwao chebe na mafuta, wakapaka urefu wa nywele, wakasuka. Chebe haipakwi kwenye ngozi ya kichwa, inapakwa kwenye nywele zenyewe, na nywele hizo husukwa na kuachwa. Wengi walionunua unga huo mtandaoni walinunua jina wakaacha utaratibu.

Hofu ya kuosha

Tumelelewa tukiambiwa kuosha kunakausha. Aliyesema hivyo alikuwa na sababu, maana kilichokuwa kinatumika ni sabuni ya mche. Sabuni ya mche ina pH, kile kipimo cha asidi ambacho kikipanda asidi hupungua, ya 9 hadi 10. Ngozi ya kichwa ina 5.5 hivi, na unywele uko chini zaidi. Ukiuweka unywele kwenye kitu chenye pH ya juu, makuti yanainuka, yanakwaruzana, yanasukana na ya jirani. Hapo ndipo mtu anatoka bafuni na kichwa kimefungamana.

Maji ya chumvi yanaongeza tabu. Wanaotumia maji ya kisima, iwe Dodoma, iwe Dar es Salaam, wanajua sabuni isivyotoa povu: chokaa na magnesi zilizomo kwenye maji hushikana na sabuni, zikafanya utando mweupe unaobaki kwenye beseni. Utando huohuo unabaki kichwani. Juu yake ukapaka mafuta, juu ya mafuta vumbi, wiki ijayo tena. Nilichokuwa nakiita ukavu, nusu yake ilikuwa uchafu uliojipanga kwa matabaka.

Chama cha madaktari wa ngozi cha Marekani huwashauri watu Weusi kuosha nywele mara moja kwa wiki au kila wiki ya pili. Mimi nikiwa Dodoma naosha kila Jumamosi. Natumia shampuu isiyo kali, na inagusa ngozi ya kichwa tu. Povu linaloshuka linatosha kusafisha urefu. Mara moja kwa mwezi natafuta shampuu ya kuondoa chokaa, ile iliyoandikwa EDTA kwenye orodha ya viungo. Na suuzo la mwisho nafanya kwa maji ya mvua niliyokinga au ya kununua, lita moja tu. Tofauti unaisikia kwenye vidole palepale.

Magadi ya kupikia yaacheni jikoni. Yanafanya kazi ileile ya sabuni ya mche. Yai nalo limesifiwa sana, lakini protini yake ni kubwa mno kupita chini ya magamba. Hukaa nje, huondoka na maji, tena ukiosha kwa maji ya moto linaivia kichwani.

Kondishena na mpango wa Jumamosi

Kama ingebidi nibaki na kitu kimoja tu, ningebaki na kondishena. Unywele uliolowa, hasa sehemu zilizochubuka, una chaji hasi. Kondishena imetengenezwa na viambato vyenye chaji chanya, vinavyokwenda vyenyewe kushikamana na sehemu zilizochubuka, vikalaza makuti. Ndiyo maana hata ukisuuza, kitu kinabaki. Ndani yake pia kuna pombe za mafuta kama setili na setearili. Usiogope neno pombe. Hizi ni nta laini zinazolainisha. Inayokausha ni ile spiriti inayoruka, unayoikuta kwenye baadhi ya jeli na dawa za kupulizia.

Mpwa wangu wa miaka 9 alikuja likizo. Aliogopa chanuo kiasi cha kulia akiliona tu. Nilimketisha kwenye kigoda kati ya magoti yangu, nikagawa kichwa mafungu manane, nikalowesha fungu moja hadi maji yakaacha kuteleza na kuanza kuingia. Unaona kabisa: mwanzo matone yanakaa juu yaking'aa, kisha fungu linageuka jeusi zaidi, zito, linanyong'onyea. Nikapaka kondishena tele, nikaanza na vidole kwenye ncha, sentimita mbili, nikipanda kidogo kidogo kuelekea mzizi. Ndipo chanuo la meno mapana likafuata njia ileile. Nywele zilizonyooka huwa dhaifu zikilowa, watu huonywa wasizichane. Za kipilipili ni kinyume: zikiwa mbichi na zenye kondishena springi inalegea, mafundo yanateleza, nguvu ya kuchana inapungua. Mtoto alisinzia kwenye fungu la tano.

"Shangazi, mbona leo haliumi?" aliniuliza alipoamka.

Baada ya kusuuza, usikaushe kwa taulo la kusugua. Fulana kuukuu ya pamba ibanwe tu, inywe maji ya ziada. Nywele zikiwa bado mbichi, si za kudondosha lakini mbichi, paka kondishena ya kuacha kichwani au krimu ambayo kiungo chake cha kwanza ni maji. Kwenye orodha yataandikwa Aqua. Viungo hupangwa kwa wingi, kwa hiyo krimu inayoanza na mafuta ya petroli ni mafuta yaliyovaa jina la krimu. Kisha mafuta kidogo, matone machache kwa fungu, ncha zikipata zaidi. Wako wanaotanguliza mafuta kabla ya krimu, na mabishano yao hayaishi. Kwangu mpangilio wa hayo mawili una uzito mdogo. Uzito uko kwamba maji yametangulia vyote.

Halafu funga. Suka mabutu au twisti, kila fungu lilale limenyooka kidogo. Nywele zilizoachwa wazi zinapokauka hujikunja hadi kubaki sehemu ndogo ya urefu wake, zikishikana na kufunga mafundo mapya. Hapa nataka kuusifu uzi. Ule mtindo wa kusuka kwa uzi mweusi, ambao wengi wameuacha wakiuona wa kishamba, hunyoosha nywele bila moto, huficha ncha, na hushika unyevu siku nyingi. Ni ufundi kamili, na wanaoujua vizuri wanazidi kupungua.

Glaserini, kilemba na kile kikombe cha maji

Glaserini huvuta maji, na inauzwa bei rahisi kila duka la dawa. Pwani, hewa ikiwa imejaa mvuke, huyavuta kutoka hewani: nywele zinafura, zinanata, mitindo inajikunja kabla hujafika harusini. Dodoma wakati wa kiangazi hewa haina cha kuvutwa, na glaserini nyingi bila kitu cha kuifunika haisaidii. Mimi naweka kijiko kimoja cha chai kwenye chupa ya kupulizia ya nusu lita, na juu yake mafuta. Nikienda Tanga naiacha kabisa. Mtu akikupa mchanganyiko wake, muulize kwanza anaishi wapi.

Kuna na kile kipimo cha kutumbukiza unywele kwenye glasi ya maji. Eti ukielea haunywi maji, ukizama unakunywa sana. Unywele ni mzito kuliko maji. Unaelea kwa sababu uso wa maji unaushikilia kama unavyomshikilia mdudu, na kwa sababu ya mafuta na viputo vya hewa. Ukiuosha kwa sabuni ukajaribu tena, jibu linabadilika. Kinachokufaa zaidi ni kuangalia bafuni: nywele zako huchukua muda gani kulowa kabisa, na muda gani kukauka? Zinazochelewa kulowa zinataka maji ya uvuguvugu na kondishena iliyofunikwa kwa mfuko wa plastiki dakika 15. Zinazolowa upesi na kukauka upesi mara nyingi zimechubuliwa na dawa, rangi au moto, na hizo ndizo zinazohitaji mafuta mazito juu.

Vilevile zile herufi za kugawa aina za nywele, 4A, 4B, 4C. Mpangilio huo ulianzishwa na Andre Walker, msusi wa mtangazaji wa Marekani Oprah Winfrey. 4C iliongezwa baadaye na watu wengine. Zinaeleza mkunjo, hazielezi unyevu. Kichwa kimoja kinaweza kuwa na mikunjo mitatu, na changu hukauka zaidi utosini kuliko pembeni ingawa mkunjo ni mmoja.

Usiku ni wa kulindwa. Foronya ya pamba hunyonya maji na kukwaruza. Kanga nayo ni pamba, pamoja na mapenzi yetu yote kwayo. Vaa kwanza kofia au kitambaa cha satini, kisha kanga juu yake ukitaka. Tangu nianze hivyo, twisti za Jumamosi zinafika Alhamisi zikiwa bado laini.

Ukisuka rasta, nywele zako ziko mle ndani na bado zinakauka. Pulizia maji yenye kondishena kidogo kwenye urefu mara mbili tatu kwa wiki, osha ngozi ya kichwa hata kama ni kwa kitambaa, na usizidishe wiki 6 hadi 8. Wakati wa kufumua ndipo uharibifu mkubwa hutokea. Pale kwenye shina panakuwa na mkusanyiko wa kijivu wa vumbi, mafuta na nywele zilizong'oka zenyewe. Utoe kwa vidole na kondishena kabla maji hayajaufikia. Ukilowa kwanza unaganda kama lami. Na kama rasta zimekazwa hadi vipele vimetoka kwenye paji, zilegeze siku hiyohiyo. Ukisubiri zizoee, unazoea wewe maumivu huku mizizi ikifa, na pembeni panaanza kuwa wazi.

Bado kuna ukavu ambao haumo katika yote haya. Mba unaowasha na kutoa maganda yenye mafuta watu huuona ni ukavu, wakaumwagia mafuta. Unahusiana na aina ya hamira inayoishi kwenye ngozi na kula mafuta, kwa hiyo unailisha. Unahitaji shampuu ya dawa, kwa mfano yenye ketokonazoli, iachwe kwenye ngozi dakika chache kabla ya kusuuza, na urefu wa nywele ulindwe kwa kondishena. Mtoto mwenye mabaka ya mviringo yaliyokatika nywele huenda ana mashilingi, ambayo hutibiwa kwa dawa ya kumeza, si ya kupaka peke yake.

Na kwa dada zangu waliofika miaka 30 na kuendelea: mkigusa utosi mkakuta panauma, panawaka, au panapungua polepole huku ngozi ikiwa laini inayong'aa, msipoteze mwezi mmoja mkijaribu mafuta. Huo unaweza kuwa ugonjwa unaoacha kovu ndani ya tundu la unywele, na tundu likishafungwa na kovu halioteshi tena. Hospitali nyingi za rufaa zina kliniki ya ngozi, na Moshi, pale hospitali ya KCMC, kuna kituo kinachofundisha madaktari wa ngozi wa ukanda wetu. Nendeni bila kusuka, bila wigi, nywele zikiwa zimeoshwa na hazina kitu, ili daktari aione ngozi yenyewe.